Mgonjwa wa kichwa, malaria hana, presha iko sawa: huko kwenu mnamfanyaje?

Tabibu_wa_Kata:
Habarini wakuu, hasa wale wa sekta ya afya. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku kanda ya ziwa, naombeni mnisaidie kwenye jambo ambalo chuoni tuligusiwa juu juu tu, maumivu ya kichwa.

Siku ya mnada OPD (wagonjwa wa nje) inafurika na hapakosi mtu wa kukwambia "daktari, kichwa". Unapima mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hamna kitu, presha 120 kwa 80, homa hana, shingo laini. Sasa hapo ndo naishiwa, na nikiangalia karatasi wanazokuja nazo naona na wenzangu waliishia hapo hapo, mtu anaandikiwa parasetamo halafu anapachikiwa UTI juu ili asiondoke mikono mitupu.

Leo kaja mama mmoja muuza dagaa, ana chale kila upande wa kipaji, kanga kajikaza kichwani mpaka imeacha mstari kwenye ngozi. Kwenye mfuko wa rambo ana lundo la vyeti: widali (kipimo cha taifodi), malaria mbili plasi, "sainasi", taifodi tena. Sehemu moja walimpa miwani ya kusomea, na mama wa watu hajui kusoma. Panadol Extra anakunywa kila siku, asubuhi kabla hata ya chai. Anachotaka kwangu ni barua ya rufaa hospitali ya Bugando akapigwe CT skani, yuko tayari kuuza mbuzi.

Kwahiyo maswali yangu: nawatofautishaje hawa watu kwa dakika nilizonazo, yupi wa kumpeleka haraka, na nampa nini? Stoo nina parasetamo, ibuprofeni, diklofenaki ya sindano, metoklopramidi (ya kuzuia kutapika), amitriptilini, na propranolo ipo tunaitumia kwa presha. Sumatriptani, ile dawa maalumu ya kipandauso, naisikia tu.

Dkt_Mlimani:
Mkuu umeuliza la maana. Mimi niko rufaa ya mkoa, daktari wa kawaida sio bingwa, na mabingwa wa mishipa ya fahamu hapa nchini ni wachache mno kwahiyo kichwa kitatibiwa na sisi sisi, tusisubiri mtu.

Cha kwanza ujue CT haionyeshi kipandauso, kipimo cha damu hakionyeshi, widali ndo kabisa. Ukishaondoa zile hatari (nadhani kuna mtu atazieleza), kilichobaki chote kiko kwenye maswali.

Mimi sianzi na "kinauma wapi". Naanza na "kikikukamata unafanya nini?" Mwenye kipandauso atakwambia nafunga dirisha nalala, sitaki mtoto apige kelele, hata harufu ya kitunguu kinachokaangwa inanitapisha. Mwenye kichwa cha mkazo, kile cha kubana kama mkanda pande zote mbili, ataendelea kuuza nyanya huku analalamika. Na kuna wa tatu, nadra, mara nyingi mwanaume, huyo halali wala hakai, anazunguka chumbani usiku anajigonga ukutani, jicho la upande mmoja limekuwa jekundu linatoa machozi na pua ya upande huo huo inachuruzika, kinamshika kuanzia robo saa mpaka saa tatu kinaachia, kesho muda ule ule kinarudi. Hiyo inaitwa klasta na watu wengi wanaong'olewa meno bure kwa sababu yake.

Baada ya hapo ndo unaingia kwenye vigezo vya ICHD-3 (mwongozo wa kimataifa wa aina za maumivu ya kichwa), hivi vya 2018. Kipandauso: vipindi visivyopungua 5, kila kimoja saa 4 hadi 72 kisipotibiwa, halafu angalau mambo mawili kati ya haya manne, upande mmoja, kinadunda, maumivu ya wastani au makali, kinazidi ukitembea au kupanda ngazi. Na juu yake awe na kichefuchefu au kutapika, AU achukie mwanga na kelele kwa pamoja. Mtoto kinaweza kuwa kifupi, saa 2 tu, na mara nyingi kinampata pande zote mbili, kwahiyo usimtoe kwenye hesabu kwa sababu hiyo.

Ukiwa na foleni ndefu kabisa tumia yale maswali matatu ya ID-Migraine: ndani ya miezi mitatu kichwa kimekuzuia kazi hata siku moja? ukiwa nacho unapata kichefuchefu? mwanga unakusumbua? Ndiyo mbili kati ya tatu, uwezekano wa kipandauso ni mkubwa, endelea kumhoji kwa mwelekeo huo.

Huyo mama wako lakini ana jambo la pili juu ya la kwanza, hizo Panadol.

Dada_wa_Duka:
Naomba niseme kitu maana nyie mnamwona mgonjwa akishachoka, mimi namwona kila siku. Nina duka la dawa muhimu karibu na stendi. Wateja wa "nipe mbili za kichwa" ndo wanaofungua duka, kuna kijana wa bodaboda akishaegesha tu sihitaji kuuliza, natoa. Wengine wanataka zile za mchanganyiko zenye kafeini wanasema ndo zinashika haraka. Nikimwambia kaka hii umechukua na jana, anavuka barabara anaenda duka la pili, na mimi nina kodi ya pango. Sasa nyie madaktari mnataka tuwaambie nini? Na ni ngapi ndo zimezidi?

Dkt_Mlimani:
Dada asante sana, wewe ndo mtu wa kwanza kwenye hii mada kuliko mimi.

Usihesabu vidonge, hesabu SIKU. Dawa ya aina moja kama parasetamo au ibuprofeni, siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, tayari ni matumizi yaliyopitiliza. Zile za mchanganyiko zenye kafeini (Panadol Extra imo, ina parasetamo 500 na kafeini 65), tramado, kodeini, ergotamini, sumatriptani, hizo ni siku 10 tu. Kama na kichwa chenyewe kinamuuma siku 15 na kuendelea kwa mwezi, basi dawa imeshakuwa sehemu ya ugonjwa. Kinampata hasa mtu ambaye tangu zamani ana kipandauso au kichwa cha mkazo. Mwenye mgongo anaweza kunywa diklofenaki mwaka mzima asipate kichwa cha kila siku, mwenye asili ya kipandauso anapata. Zambia walipita nyumba kwa nyumba wakakuta watu wazima kama 7 katika kila 100 wako kwenye hali hiyo, na mimi sioni sababu kwetu iwe tofauti sana.

Kwahiyo dada ukimuona huyo wa bodaboda usimwambie "usinywe", mwambie "ukinunua zaidi ya siku mbili kwa wiki nenda kituoni mwambie tabibu kichwa changu ni cha dawa". Akikupita akaenda duka la pili basi, angalau amelisikia.

Tabibu, kwa mama wa dagaa: parasetamo na ibuprofeni anaweza kuacha siku hiyo hiyo, hazihitaji kupunguzwa taratibu, tramado ndo inahitaji. Ila mwambie UKWELI kwamba kichwa kitazidi kwanza, siku mbili tatu mpaka wiki mbili, asipoambiwa siku ya nne atakuwa dukani kwa dada. Hapo hapo muanzishie kinga, yaani dawa ya kila siku ya kuzuia kichwa kisije. Amitriptilini, vidonge vyetu ni vya 25 kata nusu anywe saa mbili usiku, baada ya wiki panda 25, ukihitaji zaidi panda polepole. Mdomo utakauka, atasinzia, choo kitakuwa kigumu, mwambie yote kabla. Na asihukumu dawa kabla ya wiki nane, hapa ndo tunapowapoteza wengi, anakunywa wiki moja anasema haifanyi kazi.

Baba_Mapacha:
Mnajua mimi nashangaa mnavyoibeza CT. Shemeji yangu alizungushwa na Panadol na dawa za taifodi karibu mwaka mzima, kuja kupigwa picha ni uvimbe kwenye ubongo. Kwahiyo huyo mama akiuza mbuzi wake mwacheni auze, ni kichwa chake.

Ofisa_Kilifi:
Pole sana kaka kwa shemeji. Lakini hebu tuambie, alikuwa na kichwa peke yake?

Baba_Mapacha:
Alikuwa anatapika asubuhi akiamka. Baadaye akawa anaona vitu viwili viwili, na mara moja alianguka degedege.

Ofisa_Kilifi:
Basi hapo ndipo. Mimi ni klinikal ofisa huku pwani ya Kenya, na hivyo ulivyovitaja ni vitu ambavyo aliyemwona mara ya kwanza angeviuliza angempeleka wiki hiyo hiyo. Picha ilihitajika kwelikweli, hakuna anayebisha, lakini kilichokosekana kabla ya picha ni mtu wa kumuuliza maswali na kumwangalia nyuma ya jicho.

Wenzangu, wale wa kupeleka haraka mimi nawakumbuka hivi. Kichwa kilichopasuka ghafla, kimefika kileleni ndani ya dakika moja, hiyo ni damu kwenye ubongo mpaka ithibitike vingine. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50. Kichwa chenye homa na shingo ngumu, au kuchanganyikiwa. Mkono umelegea, mdomo umepinda, macho yameanza kuona mawili, degedege ukubwani. Kinachozidi akilala au akikohoa, kinachobadilika tabia kikawa si kile alichokizoea. Alieanguka akagonga kichwa wiki kadhaa nyuma, wazee hasa. Mwenye saratani.

Mjamzito aliyepita wiki 20 usimuulize mwanga wala kelele kabla hujapima presha na protini kwenye mkojo, na aliyejifungua karibuni vilevile, ukichelewa hapo ni kifafa cha mimba unakitazama kwa macho.

Halafu VVU. Hapa naomba nisimame kidogo maana ndipo tunapozika watu. Mtu anatoka CTC (kliniki ya VVU), au hajapima kabisa, kichwa wiki mbili tatu kinapanda polepole, homa kidogo au hana, shingo LAINI. Unamwandikia kipandauso. Kriptokokasi, fangasi wa utando wa ubongo, haina haraka ya kukaza shingo. Kila mwenye kichwa kipya cha kudumu mpime VVU, akiwa nao pima CD4 (kiwango cha kinga ya mwili) na CrAg, CrAg ni kile kipimo cha kriptokokasi cha utepe kama mRDT tu, tone la damu na dakika kumi. Ikisoma pozitivu na ana dalili, ni hospitali siku hiyo, atolewe maji ya uti wa mgongo, na hayo maji si kwa kipimo peke yake, kuyapunguza kunashusha presha ya kichwani na maumivu yanapungua pale pale kitandani. Steroidi usimpe, zilijaribiwa kwa ugonjwa huu zikawadhuru. Matibabu yenyewe siku hizi yamekuwa mepesi, tangu 2022 WHO wanapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu pamoja na flusitosini na flukonazo ya siku 14, jaribio lake lilifanywa huku huku Afrika, Uganda na Malawi zimo.

Na kingine cha kwetu, jiko la mkaa. Ukisikia baba, mama na watoto wote wameamka na kichwa asubuhi moja, na wakitoka nje kinapungua, uliza walilala na jiko ndani?

Dkt_Mlimani:
Ofisa kamaliza. Naongeza kamoja tu, kule Mbulu na nyanda za juu kusini wanakofuga nguruwe wa kuzurura, kichwa pamoja na kifafa kilichoanza ukubwani fikiria minyoo ya tegu kwenye ubongo, hiyo inastahili picha.

Na presha. Presha ya 150 kwa 95 haiumizi kichwa wakuu, tuache kuwaambia watu hivyo. Inayoumiza ni ile ya 180 kwa 120 kwenda juu au iliyopanda ghafla. Mara nyingi mtu anaumwa kichwa ndo presha inapanda kwa maumivu, tunamwanzishia dawa ya presha ya maisha.

Zigizaga:
Mimi sio mtu wa afya ila ni mgonjwa wa hii kitu tangu sekondari, nimesoma hapa nikasema niweke na upande wetu. Kwangu kabla kichwa hakijaanza naona mistari ya kumeta imekunjika kunja inatambaa pembeni ya jicho, inakula maandishi, nikisoma meseji nusu ya neno haipo. Kama dakika ishirini hivi inapotea halafu ndo kichwa. Nilipelekwa kwa mganga, kwa mchungaji, na kwa daktari wa macho ambaye alisema macho yangu mazima kuliko yake. Hakuna aliyeniuliza hiyo mistari mpaka nesi mmoja wa kliniki ya uzazi wa mpango, nilienda kuchukua vidonge vya majira, akaniuliza "kichwa chako kinatangulia na kuona vitu?" nikamwambia ndiyo, akavirudisha kwenye droo akanipa kijiti. Sikumwelewa siku hiyo, nilimnunia kabisa.

Ofisa_Kilifi:
Huyo nesi anajua kazi yake. Kipandauso chenye aura (hiyo mistari inayotangulia) na vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni havikai pamoja, hatari ya kiharusi inapanda, mwongozo wa WHO unakataza kabisa. Tabibu, kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye kipandauso muulize mambo mawili: unaona nini kabla, na unatumia njia gani. Na hapo hapo ukumbuke valproeti, ile dawa ya kifafa, usimpe kwa kinga ya kichwa, inaharibu mtoto tumboni.

Tabibu_wa_Kata:
Wakuu nashukuru sana. Mama wa dagaa nilimwambia apite tena na leo kaja, nikamkalisha mwisho wa foleni ili nipate muda. Nimemuuliza la "kikikukamata unafanya nini" akacheka, akasema zamani akiwa msichana kilikuwa kinakuja kila akikaribia siku zake, analala chini ya kitanda kwenye sakafu maana pana giza na baridi, anatapika, kesho yake anaamka mzima. Hicho cha kila siku kimekuja baadaye, baada ya kuanza biashara na kuamka alfajiri kupokea mitumbwi. VVU hana, nimepima leo. Macho nimemwomba yule mtaalamu wa macho wa wilaya anayekuja kliniki ya mkoba, kamwangalia nyuma ya jicho pako safi. Nguvu za mikono na miguu sawa, anatembea mstari mnyoofu. Nimemwambia mbuzi abaki.

Amitriptilini nusu nimemwanzishia. Kuhusu kuweka rekodi, kusoma hajui, kwahiyo tumetumia kalenda ya ukutani, siku ya kichwa anaweka nukta ya mkaa, siku iliyomlaza chini anaweka mkaa mkubwa, siku aliyokunywa dawa anakunja kona... hapana, hiyo kona ilimchanganya, tukakubaliana siku ya dawa apige mstari. Mwanae wa darasa la nne atamsimamia.

Sasa kabaki ananiuliza, "na ile siku ya kulala chini nitakunywa nini, au nife?" Na nina mwalimu mmoja kipandauso safi kabisa cha mara tatu kwa mwezi bila dawa za kila siku, yeye nimfanyeje?

Dkt_Mlimani:
Hiyo ya mkaa nimeipenda.

Siku ya kulala chini: dawa mapema, na dozi ya kutosha. Kosa kubwa ni kidonge kimoja baada ya kuvumilia masaa sita. Ibuprofeni 400 hadi 600 akila kitu, au aspirini 900, au parasetamo gramu moja kama tumbo lina vidonda, pamoja na metoklopramidi 10 hata kama hajatapika, kwa sababu kipandauso kinapooza tumbo na kidonge kinakaa hapo hapo bila kufyonzwa. Akija kwako anatapika choma diklofenaki 75 na metoklopramidi. Tramado usiguse. Mpaka wa kuandika kwenye cheti: siku mbili kwa wiki basi, nyingine avumilie. Kwa huyu anayetoka kwenye Panadol, wiki hizi za mwanzo tumia hiyo kwa siku mbaya kweli tu, na isiwe yenye kafeini. Akishika mimba arudi mapema, ibuprofeni na aspirini ya dozi hiyo utaziondoa ubaki na parasetamo na metoklopramidi.

Sumatriptani ya 50 WHO waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2021, kwahiyo kwenye oda yako ya dawa andika uiombe, wakikunyima iwe wamekunyima wao. Ila mwenye ugonjwa wa moyo, aliyepata kiharusi au presha isiyotulia haimfai.

Mwalimu, siku tatu kwa mwezi kama hiyo dawa ya mapema inamshika na haharibiwi vipindi, muache bila kinga, kalenda tu. Zikifika nne na kuendelea, au zikiwa chache lakini zinamlaza siku nzima nzima, propranolo hiyo ya stoo, 40 asubuhi na jioni, unaweza kupanda mpaka 160 kwa siku.

Dada_wa_Duka:
Propranolo si ndo ile inayokatazwa kwa wenye pumu? Maana kuna mwalimu hapa kwetu ananunua salbutamo na Panadol kwa pamoja.

Dkt_Mlimani:
Ndiyo dada, pumu hapana kabisa, na mapigo ya moyo yakiwa polepole mno pia hapana. Tabibu muulize mwalimu wako pumu kabla hujaandika, akiwa nayo mpe amitriptilini kama mama. Na huyo wa dukani kwako dada mpe namba ya kituo.